Friji imekufa waranti ikiwa imeshakwisha: bado nina haki kwa muuzaji?

Mwanaidi_77

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri wa wanaojua sheria, na mafundi pia mnisaidie.

Nina friji ya milango miwili niliyoinunua mpya dukani ikiwa na waranti ya miaka 2. Waranti imeisha, na miezi mitatu baadaye friji imeacha kupoza kabisa. Taa ya ndani inawaka, feni naisikia, ila huko nyuma inalia "tik" kila baada ya dakika chache, kisha kimya.

Nimempigia muuzaji, kanijibu kwa ufupi: waranti imekwisha, tafuta fundi. Nilipombana akanipa namba ya kituo cha huduma cha mtengenezaji. Nao wanasema kila kitu nalipia mwenyewe, kuanzia fundi wao kuja kuangalia tu.

Risiti ninayo, kadi ya waranti ninayo. Friji haijawahi kufunguliwa na mtu. Je, nina pa kushika, au ndiyo imetoka?

Kaka_Sumu

Imetoka hiyo. Waranti ikiisha imeisha. Wakikusaidia itakuwa hisani yao. Tafuta fundi wa kueleweka usonge mbele.

WakiliWaMezani

Kaka Sumu, hapo umewapa ushindi wasioustahili, na ndivyo wauzaji wanavyopenda tuamini.

Mwanaidi, una vitu viwili mkononi na watu huvichanganya. Cha kwanza ni waranti, yaani ahadi ya hiari ya mtengenezaji: anaweka muda anaotaka na masharti anayotaka. Cha pili ni wajibu wa aliyekuuzia, ambao haukuandikwa kwenye kadi kwa sababu umeandikwa kwenye sheria. Nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza ya mauzo ya bidhaa ya mwaka 1893, zikiwemo Kenya na Tanzania, zinachukulia kwamba mfanyabiashara anapouza kitu, kitu hicho kina ubora unaokubalika na kinafaa kwa kazi yake. Wajibu huo haufi siku ile waranti inapokufa.

Muda unatofautiana sana, kwa hiyo soma sheria ya mahali uliponunulia. Umoja wa Ulaya unamtaka muuzaji awajibike kwa angalau miaka 2, na Hispania imeongeza ikawa 3. Norway inatoa miaka 5 kwa vitu vinavyotarajiwa kudumu muda mrefu, na friji ni kitu cha namna hiyo. Uingereza, chini ya sheria yao ya haki za walaji ya 2015, uimara wa kitu ni sehemu ya ubora wake, na unaweza kumpeleka muuzaji mahakamani hadi miaka 6 tangu ununue (Scotland ni 5). Australia na New Zealand hawakutaja idadi ya miaka. Wanauliza tu kama kitu kimedumu muda ambao mtu mwenye akili timamu angetarajia, ukizingatia bei na aina yake. Mimi naona hilo ndilo swali sahihi kuliko yote.

Ila usije ukadhani miaka 6 ya kushtaki ni miaka 6 ya waranti. Huo ni muda wa kudai tu. Bado utatakiwa kuonyesha kwamba ubovu ulikuwamo tangu siku ya kununua, au kwamba kifaa hakikuwa imara kama kilivyopaswa kuwa. Kule Ulaya, ubovu ukijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza sheria inachukulia ulikuwepo tangu mwanzo, na nchi chache zimekwenda hadi miaka 2. Uingereza ni miezi 6. Baada ya hapo mzigo wa kuthibitisha unahamia kwako, na wewe ndipo ulipo sasa.

Jambo jingine: mlango wa kugonga ni wa muuzaji. Mkataba wa kununua umefanya naye. Kukupa namba ya kituo cha huduma hakumwondoi kwenye mkataba huo.

MamaPacha

Na yale mabango ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi"?

WakiliWaMezani

Mama Pacha, bango linaweza kumzuia mtu aliyebadili mawazo, eti rangi haikumpendeza. Kwa kitu kibovu, sheria nyingi za kumlinda mlaji haziruhusu muuzaji ajivue wajibu kwa bango wala kwa maandishi madogo nyuma ya risiti. Sheria za zamani za mauzo zililegea kidogo hapo, kwa hiyo angalia kama nchi yako ina sheria mpya ya walaji.

FundiBaridi

Niongee ya ufundi, maana bila hayo sheria yote hapo juu itabaki maneno.

Huo mlio wa "tik" mara nyingi ni kilinzi cha kompresa (ile pampu ya nyuma inayosukuma gesi ya kupoza) kinakata. Kompresa inajaribu kuwaka, inashindwa, inavuta umeme mwingi, inapata joto, kilinzi kinakata. Ikipoa inajaribu tena. Kwa kompresa ya kawaida kuna watuhumiwa watatu: relei ya kuwashia, kapasita (kama ipo), au kompresa yenyewe imekwama ndani. Wawili wa kwanza ni vitu vidogo, fundi anabadilisha bila hata kugusa gesi. Wa tatu ndiye mwenye gharama. Kama friji yako ni ya inveta, yaani kompresa yake hubadilisha kasi badala ya kuwaka na kuzima tu, hakuna relei hiyo. Kuna bodi ya elektroniki inayoendesha kompresa, na mara nyingi bodi ndiyo inayokufa, kompresa ikiwa salama. Nimeona watu wameuziwa kompresa nzima kwa kosa la bodi.

Kwa hiyo kabla hujamwandikia mtu barua, pata fundi apime, asifungue mfumo wa gesi. Friji nyingi za siku hizi zina R600a, gesi inayoshika moto, si ya kuchezewa na kila mwenye mtungi. Tena mfumo ukishakatwa, kituo cha huduma wanapata sababu ya kukukatalia. Apime nyaya za ndani za kompresa kwa mita, aangalie relei au bodi, halafu aandike: aina ya friji, namba iliyo kwenye kibandiko, alichopima, alichokuta, na maoni yake kuhusu chanzo. Asaini. Kipuri kikitolewa, mwambie akuachie, usimruhusu aondoke nacho.

Na soma kadi yako vizuri. Watengenezaji wengi wanatoa waranti fupi kwa friji nzima na ndefu kwa kompresa, miaka 5 au hata 10. Wakati mwingine imeandikwa kwenye stika ya mlangoni tu.

Mwanaidi_77

Jamani! Nimeenda kuangalia. Kwenye kadi ni miaka 2, lakini stika ya mlangoni imeandikwa kompresa miaka 10. Mbona kituo cha huduma hawakunitajia?

Kaka_Sumu

Hawakukutajia kwa sababu hukuuliza 😂 Haya, narudisha maneno yangu nusu.

FundiBaridi

Usishangilie mapema, dada. Hiyo miaka 10 kwa kawaida ni ya kompresa tupu. Gesi, kichujio, kazi ya fundi na usafiri ni juu yako, na ukijumlisha hivyo unaweza kukuta ndiyo sehemu kubwa ya gharama. Na kama kilichokufa ni relei au bodi, stika haikusaidii. Ndiyo maana nasema upimaji kwanza.

Bwana_Risiti

Nakubaliana na wote, ila tuwe wakweli: muuzaji atasema ni umeme. Umeme ulipanda, ulishuka, hukuweka stabilaiza. Hapo dada atafanyaje?

FundiBaridi

Swali zuri. Umeme ukipanda ghafla mara nyingi huacha alama kwenye bodi: fyuzi imekatika, kile kidude cha kuzuia umeme mkubwa kimepasuka au kimekuwa cheusi. Bodi ikiwa safi na kompresa imekwama kimitambo, hadithi ya kupanda kwa umeme inapungua nguvu. Umeme mdogo wa muda mrefu ni mgumu zaidi kuukanusha, kwa sababu unaichosha kompresa polepole bila kuacha alama. Fundi aandike na hilo, asifiche. Ripoti inayokupendelea kupita kiasi haiaminiki.

WakiliWaMezani

Kabisa. Na muuzaji akidai ni umeme, mwombe aonyeshe amejuaje bila kuikagua friji.

Barua usiifanye ndefu. Tarehe ya kununua, namba ya risiti, friji ni ipi, lini iliacha kupoza, fundi amekuta nini (ambatisha nakala, halisi baki nayo). Kisha sema wazi unachotaka. Matengenezo bila malipo ndilo dai jepesi kukubalika. Ukidai kurudishiwa pesa zote baada ya kuitumia miaka miwili na zaidi, hata pale sheria inaporuhusu, mara nyingi wanakata kiasi cha matumizi yako. Weka siku ya mwisho ya kujibu, wiki mbili zinatosha. Tuma kwa njia inayoacha ushahidi. Simu haina kumbukumbu. Na neno "waranti" usilitumie kabisa kwenye barua ya muuzaji, maana atalirukia. Kwake unadai chini ya sheria ya mauzo. Waranti ya kompresa ipeleke kwa mtengenezaji, barua tofauti.

Mwanaidi_77

Mrejesho wakuu. Fundi amepima: relei nzima, kompresa ni ya kawaida na imekwama ndani, hakuna dalili ya kuungua kwa umeme. Kaandika na kusaini. Kituo cha huduma nimewatumia ripoti na picha ya stika, wamekubali kutoa kompresa, ila gesi na kazi nilipie. Muuzaji kapokea barua, hajajibu, na siku niliyompa imepita. Nikubali ya kituo, au nitaathiri dai langu kwa muuzaji?

WakiliWaMezani

Kubali. Kabla hawajaanza, mwandikie muuzaji mara moja zaidi: unaruhusu mtengenezaji atoe kompresa ili kupunguza hasara, ila gharama ya gesi na kazi unamdai yeye. Kama unaweza, mpe nafasi ya kuja kuikagua kabla haijafunguliwa. Akiendelea kunyamaza, lipia, tunza risiti, halafu peleka dai hilo dogo kwenye chombo cha kushughulikia malalamiko ya walaji au mahakama ya madai madogo kama ipo huko uliko. Nyingi hazihitaji wakili.

FundiBaridi

Waambie waandike kwenye karatasi ya kazi namba ya kompresa mpya na muda wa waranti ya matengenezo yenyewe. Wengine wanahesabu kompresa mpya kwa miaka iliyobaki ya ile ya zamani, wengine wanaanza upya. Waulize kabla hujasaini. Na ile ya zamani wakiichukua, wasaini kwamba wameichukua.