Tupeane uzoefu: siku vigingi vya hifadhi vilipofika shambani kwenu

Mjukuu wa Rwizi
Jana nikiwa kwenye daraja la mto Rwizi hapa Mbarara, Uganda, niliona vijana wawili wakipaka kigingi cha saruji rangi nyekundu. Miguu ikagoma. Kwetu kigingi kama hicho walikichimbia katikati ya vitunguu vya mama. Hapakuwa na mkutano. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) mwenyewe aliwakuta wanakusanya kamba. Mita 100 toka ukingo wa mto ni hifadhi, wakasema. Shamba letu lote halifiki hata 80. Mliopitia haya, mlifanyaje?

Mama Pendo
Kwetu vilevile. Bibi alikifungia mbuzi.

Dada wa Mafunjo
Nimesoma neno kigingi nikatetemeka. Sisi tulikaa kinamasini, na tulikuwa na kyapa (hati ya ardhi) yenye muhuri, baba aliuza ng'ombe wanne kuipata. Notisi ilibandikwa kwenye mwembe, kwa Kiingereza, siku saba. Wengi wetu tulidhani ni tangazo la chanjo. Tingatinga lilifika kabla ya adhana ya alfajiri. Nilitoa magodoro mawili na mfuko wa vyeti. Binti yangu alikuwa S4 (kidato cha nne), na asubuhi hiyo ana mtihani wa fizikia. Nilimvalisha sare barabarani, jirani ametushikia shuka, huku ukuta wa chumba chake unaanguka nyuma yetu. Akaenda. Niliporudi, jiko halipo. Sufuria ya maharage niliyoinjika usiku imebonyea kama karatasi, maharage yametapakaa kwenye tope. Nilianza kuyaokota moja moja. Sijui kwa nini.

Mama Pendo
Mungu wangu. Mtihani je?

Okello wa Lira
Na mimi nauliza, binti alifaulu?

Fundi Bwaise
Pole sana dada. Lakini tusemezane ukweli. Sisi wa Bwaise, bondeni Kampala, kila mvua tunalala juu ya meza, kwa sababu vinamasi vimefukiwa. Mafunjo yakifyekwa, maji yatakwenda wapi? Yanakuja kwangu.

Mjukuu wa Rwizi
Fundi, aliyegonga muhuri kwenye kyapa yake mbona hakubomolewa nyumba?

Fundi Bwaise
Sijamtetea huyo. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 237, inasema mito, vinamasi na misitu ya hifadhi serikali kuu au ya mtaa inavishikilia kwa niaba ya wananchi. Havigawiwi. Ndiyo maana 2014 baraza la mawaziri liliamua hati za vinamasini zilizotolewa baada ya 1995 zifutwe.

Mwalimu Kasese
Kwa niaba ya wananchi, basi waje watuulize! 2007 serikali ilitaka kukata hekta kama 7,100 za msitu wa Mabira zipandwe miwa, watu wakaandamana na wengine wakafa. Hapo hifadhi ilikuwa wapi? Halafu bibi mwenye mistari mitatu ya magimbi ndiye anayeonekana mharibifu. Nami siukatai ukingo, maana mto wetu Nyamwamba nimeuona. Mei 2013 ulibeba watu na nyumba, Mei 2020 ukaingia hospitali ya Kilembe. Mawe yalikuwa yanagongana usiku kucha, kitanda kinatikisika. Ila ukingo tulioupanda mianzi wenyewe, baada ya kukaa na diwani wetu na kukubaliana, hakuna anayeugusa mpaka leo.

Okello wa Lira
Mjukuu, usisaini chochote.

Mama Pendo
Asaini! Ila aandike "nimepokea, sijakubali", na apige picha.

Kijana wa Boda
Mama apande migomba usiku huu, fidia huhesabiwa kwa shina 😂

Mwalimu Kasese
Usimpoteze mwenzako. Mimea ya baada ya notisi hailipwi. Nenda bodi ya ardhi ya wilaya, omba orodha ya viwango vya fidia ya mazao. Sheria ya Ardhi ya 1998 inawataka wawe nayo. Nenda na mwenyekiti wa LC1, na majirani wote, si peke yako.

Fundi Bwaise
Na uulize kama mama ataruhusiwa kuvuna kwanza. Hilo huwa wanakubali wakiombwa mapema.

Mjukuu wa Rwizi
Asanteni. Vitunguu vimebakiza wiki tatu. Jumatatu tunakwenda wilayani, tumefika watu kumi na wanne.

Okello wa Lira
Dada wa Mafunjo, bado tunasubiri.

Dada wa Mafunjo
Alifaulu. Anasomea uuguzi. Ile sare bado ninayo, ina tope kwenye pindo, sijaifua.