Amitabh kalala chini nusu ya kufa, mtafsiri anasema "CD IMEKWAMA"! Huyu mtu tutamvumilia mpaka lini?

Mtoto wa Barazani (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka banda la video sasa hivi, viatu sijavua, naandika mikono inatetemeka.

Yule mtafsiri wa picha za Kihindi mnamjua. Jina silitaji, simwongezei umaarufu. Ni yule anayekohoa mara tatu kabla picha haijaanza, ambaye kwake kila adui ni "Mzee Kipara" hata awe na nywele mpaka mabegani. Huyo huyo. Leo kamtukana Amitabh Bachchan, steringi wa picha za Kihindi, na kamtukana baba yangu mzazi kwa maneno mawili: CD IMEKWAMA.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikirukia mwisho nitapasuka.

Picha ni Coolie. Mzee wangu aliiona hapa Tanga miaka ya themanini, ukumbi umefurika watu wamekaa mpaka kwenye ngazi. Mle ndani kuna ngumi moja, steringi Amitabh anapigwa, anarushwa juu ya meza, ghafla picha inaganda. Inatulia tuli. Yanatokea maandishi. Baba hakuweza kuyasoma lakini alijua kuna jambo, kwa sababu wale Wahindi waliokaa viti vya mbele walinyamaza wote kwa pamoja. Alipotoka akawaambia wenzake: pale ndipo Amitabh alipoumia kweli. Rafiki yake wa bao akambishia, "Acha wee, mkanda ulikwama tu."

Ubishi huo una miaka arobaini! Nimezaliwa nimeukuta. Wamebishana msibani, wamebishana kwenye harusi yangu mimi mwenyewe nikiwa na kilemba kichwani. Juzi nikaona banda wameandika kwa chaki, "COOLIE, KISWAHILI SAFI." Nikasema leo ubishi unakwisha. Nimelipia watu wanne: mimi, baba, yule mzee wa bao na shahidi mwingine wa barazani. Baba kavaa koti, wakuu. Koti la Idi, kwenye banda lenye joto la kuivisha mkate.

Tumekaa. Iqbal, ndiye Amitabh mwenyewe, kabeba mizigo ya stesheni, mwewe wake katua, nyimbo zimepita, watu wanapiga makofi. Ngumi ikaanza. Baba akamgusa mwenzake begani: "Haya sasa, sikiliza kwa masikio yako." Picha ikaganda. Maandishi yakatoka. Banda zima kimya, nasikia feni tu.

Mtafsiri akakohoa. Akasema:

"Aaa wateja, CD imekwama hapa, mtulie kidogo. Wakati tunasubiri, usisahau chapati maharage za moto pale stendi, mwambie nimekutuma mimi."

Yule mzee wa bao alicheka mpaka fimbo ikamdondoka. "Si nilikwambia! Miaka yote nakwambia!" Baba hakusema neno. Alifungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akalivua, akalikunja akaliweka magotini. Mpaka picha inakwisha hakuinua macho.

CD imekwama! Na ilikuwa FLASHI! Hakuna CD katika banda lile, hakuna hata mahali pa kuiingiza!

Sasa nisikilizeni. Yale maandishi yanaeleza kwamba hapo ndipo Amitabh alipoumia vibaya. Tarehe 26 Julai 1982, Bangalore, anapigana na Puneet Issar, anatakiwa aangukie meza kisha chini. Akakosea mruko, kona ya meza ikamwingia tumboni. Akakimbizwa Bombay, hospitali ya Breach Candy. Tarehe 2 Agosti madaktari walishaona amekwenda. Mapigo hayapo! Wakaendelea kumchoma sindano hivyo hivyo, na Jaya mkewe ndiye aliyepiga kelele kwamba ameona kidole cha mguu kimecheza. India nzima ilikuwa inamwombea, misikitini, mahekaluni, makanisani. Waziri mkuu Indira Gandhi alikwenda kumwona kitandani. Iqbal alikuwa afe mwisho wa picha, lakini mwongozaji Manmohan Desai akabadilisha, akaona mtu aliyetoka mikononi mwa mauti hawezi tena kumuua kwenye sinema. Ndiyo maana akaigandisha picha palepale, kila atakayeiona mpaka kiama ajue nini kilitokea.

Halafu wewe unatangaza chapati.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba huyu bwana analipwa kuongea JUU YA SAUTI YA AMITABH. Sauti ambayo redio ya taifa ya India iliikataa, wakamwambia haifai, akaenda kuajiriwa na kampuni moja Calcutta. Sauti hiyo hiyo ndiyo ilimpa kazi ya kusimulia Bhuvan Shome mwaka 1969 kabla watu hawajamjua sura. Picha zake zikaanguka moja baada ya nyingine, wakasema huyu mrefu mno, hana bahati, mpaka Zanjeer ya 1973 ilipowafunga midomo. Mtu amepita yote hayo, leo anafunikwa na kikohozi na tangazo la maharage!

Baba amelala bila kula. Koti limebaki kwenye kiti sebuleni, limekunjwa vilevile.

CD IMEKWAMA. Jamani!

Siti ya Mbele: Nimewahi. Nileteeni kahawa na kashata.

Mpiga Mbizi: Mkuu povu lote hili kwa picha ya mwaka 1983? Sabuni za duka zima umezimaliza wewe?

Kanda Mbili: Mleta uzi niko nawe mia kwa mia. Mtu huyu aliniharibia Sholay. Pale Jai, ndiye Amitabh, anakata roho mikononi mwa rafiki yake Veeru, sarafu inachukuliwa, kumbe pande zote mbili ni sura ileile, kumbe siku zote alikuwa anampangia mwenzake apone yeye afe. Pale hata jiwe linalia. Yeye kasema: "Kumbe jamaa alikuwa na hela feki, polisi wangemkamata." Mke wangu alikuwa analia kwa kwikwi, akaanza kucheka palepale. Siku mbili hatukuongea vizuri.

Mtoto wa Barazani: Hela feki!!! Uwiii. Hapana, huyu anatumwa.

Binti Makorora: Mimi nilikuwepo bandani leo, nilikaa benchi la nyuma yenu. Mzee wako kweli aliumia, nilimwona. Ila na wewe ulivyosimama ukakinga skrini dakika tano nzima ukihutubia "Bangalore, Bangalore," hatukuona ngumi ilivyoisha. Tulilipa mia tano kama wewe.

Mtoto wa Barazani: Dada samahani, ila ningekaa kimya ningekufa.

Muuguzi wa Zamu: Niongeze jambo ambalo wengi hawalijui. Siku zile alichangiwa damu na watu wapatao 200. Mmoja wao alikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, na hakuna aliyejua. Amitabh kaja kugundua miaka mingi baadaye, ini limeshaliwa. Mwenyewe amesimama hadharani akasema anaishi kwa robo ya ini, na anahimiza watu wapime. Kwa hiyo hiyo "CD iliyokwama" anatembea nayo tumboni mpaka leo. Na ninyi mkapime, chanjo ipo.

Mtoto wa Barazani: Umenitoa machozi, muuguzi. Asubuhi namsomea baba hii.

Mpiga Mbizi: Tuongee ukweli. Amitabh aliingia bungeni 1984 kwa jimbo la Allahabad, siasa zikamshinda akajiuzulu 1987. Akafungua kampuni yake, ABCL, ikamfilisi. Akarudi na kipindi cha maswali cha tivii, Kaun Banega Crorepati, mwaka 2000, India nzima ikakaa mbele ya tivii. Amekufa akafufuka, amefilisika akatajirika, kazaliwa 1942 na bado anapiga kazi. Yeye hajalalamika. Wewe "imekwama" moja tu umekesha!

Mtoto wa Barazani: Silalamiki kwa ajili ya Amitabh, nalalamika kwa ajili ya BABA. Soma uzi!

Kiboko ya Mithun: Nyie watu wa Amitabh mna kelele. Sisi wa Mithun tuseme nini? Disco Dancer, 1982, Jimmy, ndiye Mithun, yuko jukwaani, maadui wametia umeme kwenye gitaa, mama yake analiwahi yeye, umeme unamkamata anakufa mbele ya mwanawe. Ndio moyo wa picha nzima! Ndio maana Jimmy anaogopa gitaa mpaka mwisho! Mtafsiri wenu: "Mama kaumwa na nge." NGE! Jukwaani! Toka hapo kila Jimmy akiona gitaa anatetemeka, mtoto wangu ananiuliza, "Baba, nge wako wapi?"

Kanda Mbili: Hahahaaa nge.

Siti ya Mbele: Nimecheka mpaka kahawa imeingia puani.

Mtoto wa Barazani: Wakuu msicheke, turudi kwenye Coolie. Picha IMEGANDA. Maandishi YAPO. Hata kama hujui Kihindi, ukiona maandishi yametulia hivyo unauliza mtu!

Kiboko ya Mithun: Nge ni mbaya zaidi. Kukwama kunatokea.

Mtoto wa Barazani: Kukwama kunatokea kwenye FLASHI?

Mzee wa Avalon: Vijana, enzi zetu Dar hatukuhitaji mtafsiri. Tulikuwa tunakwenda kumbi za sinema, Avalon, Empire, Empress, na tulielewa kila kitu kwa macho. Deewaar ya 1975, Amitabh kuli wa bandarini na ile beji ya 786, namba ya Bismillahi, risasi inagonga beji, nani alihitaji kuambiwa maana? Ukumbi mzima ulisema "Allahu akbar" na Wahindi tuliokaa nao wakasema pamoja nasi. Tatizo lenu mnataka kutafuniwa. Mwambie baba yako huyu mzee wa Dar anamuunga mkono: mkanda haukukwama.

Mtoto wa Barazani: Shikamoo mzee. Nakuomba uniandikie hilo kwa maandishi, nilipeleke barazani.

Mzee wa Avalon: Marahaba. Si nimeshaandika hapo juu?

Kiuno Bila Mfupa: Mimi kero yangu nyimbo. Huyu jamaa kwenye wimbo anapeleka mbele! Anasema "hapa wanaimbaimba tu." Picha ya Kihindi bila wimbo ni pilau bila nyama. Mimi nimeoa kwa nyimbo hizo.

Binti Makorora: Hapo kwenye nyimbo nakubali. Ila jamani nina swali. Hizo chapati anazotangaza, bado ni mia tatu?

Kiuno Bila Mfupa: Mia tatu ya wapi? Mia tano sasa. Na amezipunguza, ukiinua moja unaona basi la Lushoto upande wa pili.

Mpiga Mbizi: Maharage ndiyo balaa. Juzi nimehesabu punje kumi na nane. Mchuzi mwingi kama bahari, maharage yanaogelea mojamoja.

Mtoto wa Barazani: Wakuu huu uzi ni wa AMITABH.

Kanda Mbili: Mia tano hata hivyo si mbaya, unga umepanda. Mama anaamka saa tisa usiku kukanda, msimwonee.

Kiboko ya Mithun: Kupanda unga ndio kupunguza upana? Ya zamani ilikuwa inafunika sahani, sasa unaona maua yote ya sahani.

Binti Makorora: Yule wa upande wa pili wa stendi, karibu na fundi viatu, anazipiga za matabaka, laini, hazikauki mpaka jioni. Anaweka na nazi kwenye maharage.

Siti ya Mbele: Nazi? Huyo ndiye. Huyu wa mtafsiri nazi tulishaisahau.

Mtoto wa Barazani: Baba ameamka. Ananiuliza watu wamesemaje.

Mpiga Mbizi: Karibu na fundi viatu yupi, wa mlangoni au yule aliyehamia kwenye mwembe?

Binti Makorora: Wa kwenye mwembe. Wahi, saa nne asubuhi zimekwisha.