Mafunzo ya nyanjani kwa mwanafunzi wa rasilimali za bahari: Lamu, Watamu au Nairobi?

Mwanafunzi wa Mkomani

Asalamu alaikum wanabaraza. Mimi ni mwenyeji wa Mkomani, Lamu, na ninasomea usimamizi wa rasilimali za bahari, mwaka wa tatu. Chuo kinamtaka kila mmoja wetu afanye mafunzo ya nyanjani kwa wiki 12 kuanzia Mei, na nimejaliwa kupata nafasi tatu, wakati wenzangu wengi bado wanazunguka na barua mkononi. Ya kwanza iko katika ofisi ya uvuvi hapa Lamu: hakuna malipo, lakini nitalala kwetu. Ya pili iko katika shirika la uhifadhi wa kasa huko Watamu, ambalo hutoa chakula cha mchana na nauli kidogo, ila malazi nitajitafutia. Ya tatu ni kampuni ya Nairobi inayofanya tathmini za athari kwa mazingira, yaani kuchunguza mradi utadhuru nini kabla haujajengwa; hiyo inalipa posho, na jina lake linajulikana.

Baba ameipenda Nairobi, mama anataka nibaki nyumbani. Rafiki yangu mmoja ananishauri nipigiwe mhuri tu na ofisi yoyote, kisha miezi hiyo niuze simu. Naomba ulinganisho kutoka kwa waliopitia, hasa kuhusu kazi ambayo mwanafunzi hukabidhiwa, si sifa za mahali.

Mstaafu wa Uvuvi

Waalaykumu salamu mwanangu. Nimewapokea wanafunzi wengi katika utumishi wangu, kwa hiyo nianze na hiyo ya kwanza.

Ofisi ya uvuvi ina kazi mbili zilizo mbali mno. Iko kazi ya mezani, ya kupanga faili za leseni na kunakili barua, na iko kazi ya ufuoni. Ukipewa ya mezani, baada ya wiki mbili utakuwa umejifunza yote yaliyopo. Ukipelekwa ufuoni, hasa Kizingitini au Faza, kisiwani Pate, ambako kambakoche (kamba wakubwa) hupokewa, hutazimaliza hizo wiki 12 ukiwa mtu yule yule aliyeanza. Utasimama kando ya mizani alfajiri na kuandika chombo ni mtumbwi, dau au mashua, kilikuwa na mabaharia wangapi, kilitumia jarife (wavu wa kutega), mishipi au madema (mitego ya kusukwa), kimeleta changu kilo ngapi, tafi kilo ngapi, pono kilo ngapi. Nahodha atakuambia alivua mahali fulani, na wewe utaona kwa samaki wenyewe kwamba huenda hakufika huko. Kutambua jambo hilo kunahitaji jicho, na jicho halifundishwi darasani.

Wako wanaoidharau kazi hii wakidhani ni ya karani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya athari za ujenzi wa bandari. Kesi za namna hiyo zinapokuja, kila mtu huuliza: walikuwa wakivua nini, wapi, na kwa kiasi gani? Ambaye hakuandikiwa mavuvi yake hubaki na maneno matupu.

Neno la tahadhari: Mei hadi Agosti ni kusi, msimu wa upepo mkali utokao kusini. Bahari ya nje huchafuka, vyombo vingi vidogo hujibana ndani ya mikono ya bahari, na mavuvi hupungua. Baadhi ya siku utakaa ufuoni bila kuandika chochote. Muulize afisa kabla ya kukubali kama atakupa jambo lako la kufuatilia katika msimu huo. Akikujibu "njoo tu, tutaona", basi ujue utapanga faili.

Binti wa Shela

Naunga mkono suala la msimu, kwa kuwa wanafunzi wengi hulisahau. Mimi nilisomea hoteli na mafunzo yangu yaliangukia Mei na Juni katika hoteli moja ya Malindi. Wageni walikuwa wachache, nusu ya vyumba ilikuwa imefungwa ikipakwa rangi, na mpishi mkuu alikuwa likizoni. Nilijifunza mengi juu ya kuhesabu mashuka. Si kosa la hoteli, kwani pwani yetu hulala wakati huo, lakini chuo kinapanga kalenda yake bila kuitazama bahari.

Kwa hiyo kaka, kabla ya kuuliza mahali gani ni bora, uliza kila mahali panafanya nini kati ya Mei na Julai.

Mhitimu wa Malindi

Mimi nilikuwa katika uhifadhi wa kasa, kwa hiyo nitajibu hilo swali la Binti wa Shela kwa upande wa Watamu. Miezi hiyo, ambayo ni mibaya kwa hoteli, kwa kasa ina kazi. Mayai ya kasa hukaa mchangani kiasi cha miezi miwili kabla ya kuanguliwa, hivyo anayekaa wiki 12 anaweza kuliona tundu tangu usiku wa kutagwa hadi vitoto vinapokwenda majini, na akaandika ripoti yenye mwanzo na mwisho. Ukipima joto la mchanga utaelewa pia kwa nini wataalamu wana wasiwasi: mchanga wenye joto zaidi hutoa majike wengi kuliko madume.

Usidhani lakini kwamba utakuwa ukikumbatia vitoto vya kasa kila asubuhi. Sehemu kubwa ya kazi Watamu ni wavuvi. Mvuvi hupiga simu kwamba kasa amenasa wavuni, mnakwenda, mnamtazama kama ana jeraha, mnapitisha utepe juu ya gamba kupima urefu na upana, mnasoma namba ya kipande cha chuma kilichofungwa kwenye pezi la mbele au mnamfunga kipya, mnaandika, kisha mnamrudisha baharini. Kumtofautisha ng'amba na kasa wa kawaida ni jambo la siku moja. Kilichonichukua muda ni kuzungumza na mvuvi ambaye wavu wake umechanika na ambaye anaona unamjali mnyama kuliko yeye. Wewe uliyekulia Lamu utakuwa na nafuu hapo, maana lugha ya bahari unaijua.

Kuhusu gharama, usitafute chumba karibu na ufuo. Timboni au Gede ni rahisi zaidi, na matatu zipo. Hata hivyo, ukijumlisha kodi, chakula cha jioni na nauli, zile hela kidogo wanazotoa hazitatosha. Utahitaji msaada wa nyumbani, na hilo uliseme wazi kwa wazazi mapema.

Mlamu wa Nairobi

Naona wote mmeivuta kamba kuelekea pwani, basi acheni niitetee Nairobi, ingawa si kwa sababu ya baba mtu, ambaye nadhani ameipenda kwa jina.

Tathmini ya athari kwa mazingira ni kazi ya kisheria nchini tangu sheria ya mazingira ya 1999, na ripoti hutayarishwa na wataalamu waliosajiliwa na kupewa leseni na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira. Anayejua jinsi ripoti hizo zinavyoandikwa anajua pia zinapokuwa na pengo. Nanyi watu wa Lamu mnalijua hili kuliko wengi: Juni 2019, jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta kibali cha mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliotakiwa kujengwa katika kaunti yenu, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kijana wa Mkomani anayeweza kuifungua ripoti ya kurasa mia kadhaa na kusema "hapa hamkuwauliza wavuvi" ana thamani kwa kaunti nzima.

Baada ya kusema hayo, nami nilifanya mafunzo katika kampuni moja ya aina hii, ambayo sitaitaja, na muda mwingi nilikuwa nikitoa nakala na kusahihisha herufi katika ripoti ambazo mradi wake sikuwahi kuuona. Posho ililipwa, tena kwa wakati. Lakini msimamizi wa chuo alipokuja na kuniuliza mchakato wa kuwashirikisha wananchi unaendaje, nilijibu niliyoyasoma, si niliyoyafanya, na alilitambua hilo papo hapo. Waulize swali moja tu: katika miezi hiyo kuna mradi gani watakaokwenda kuutembelea, na je, mwanafunzi huenda nao? Kama jibu ni ndiyo, Nairobi ichukue. Kama ni la, unanunua jina, na posho yenyewe italiwa na kodi ya nyumba.

Mzazi wa Langoni

Vijana wangu, mmesema vizuri, ila suala la pesa mmelipitia upesi mno. Mimi nimewasomesha wawili. Mwanafunzi anayefanya kazi miezi mitatu bila malipo analipiwa na mtu, na mtu huyo ni mzazi wake. Mwenye jamaa Nairobi huchagua. Asiye naye hupokea kilicho karibu. Haya ya kusema "chagua penye mafunzo bora" yanamfaa mwenye uwezo wa kuchagua. Ofisi zinazotegemea mikono ya wanafunzi kila mwaka zingeona haya kidogo na kuwapa hata nauli ya boti ya Mokowe.

Juu ya rafiki anayeshauri mhuri wa bure: mwanangu, huyo asikushauri lolote tena. Chuo hutuma msimamizi kukutazama kazini, na asipokukuta utarudia mwaka, gharama ambayo simu za kuuza hazitailipa.

Mstaafu wa Uvuvi

Bi. Mzazi yuko sawa, na katika hilo la nauli sina utetezi. Ningependa kuongeza jambo ambalo wanafunzi hulichanganya. Mafunzo haya ya nyanjani ni sehemu ya masomo, nayo mara nyingi hayana malipo. Uanagenzi wa baada ya kuhitimu ni mlango mwingine: mpango wa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa mfano, huchukua miezi 12 na una posho, lakini ni wa waliokwisha kumaliza chuo. Kwa hiyo mwanafunzi asiukimbilie mshahara sasa. Sasa atafute kitu cha kuonyesha wakati atakapoomba ule mwingine. Nimeketi kwenye usaili ambapo vijana watano walikuwa na shahada ile ile na alama zinazokaribiana, tukamchukua aliyeweza kueleza siku moja ya kazi tangu asubuhi hadi jioni bila kubabaika.

Mwanafunzi wa Mkomani

Nawashukuru sana. Nimeyauliza maswali mliyonipa sehemu zote tatu. Kampuni ya Nairobi imenijibu kwamba wanafunzi hubaki ofisini. Watamu wana nafasi ya kweli ya matundu na nyavu, lakini nilipopiga hesabu na mama tuliona kwamba kodi ingelipwa na ada ya mdogo wangu, nami siko tayari kwa hilo. Afisa wa Lamu amesema atanipeleka Kizingitini, na kwa kuwa ni kusi atanipa kazi ya kulinganisha mavuvi ya madema na ya jarife ndani ya mikono ya bahari, jambo ambalo halijapata mtu wa kulifuatilia kwa utaratibu. Nimekubali Lamu. Baba hajafurahi, lakini amesema atanitafutia mwenyeji wa kunilaza Kizingitini.

Mlamu wa Nairobi

Hongera. Mwambie baba kwamba data hiyo ikikamilika, hata kampuni za huku zitaihitaji.

Mstaafu wa Uvuvi

Vyema. Kabla ya kuanza, hakikisha una barua ya chuo, nakala ya kitambulisho na bima ya ajali, kwa kuwa utapanda vyombo wakati wa kusi na afisa hatakuruhusu bila bima. Mwombe pia jaketi la kuokolea, usione haya. Daftari la kumbukumbu lijaze jioni ile ile, lisainiwe kila Ijumaa; ukilimbikiza hadi mwisho, afisa aliyekusimamia huenda amehamishwa na aliyekuja nyuma yake atakataa kusaini asichokiona.