Jela za kaunti Marekani: kumpata ndugu yako ni mateso, picha yake kusambaa ni dakika mbili

Wakuu salaam. Naandika nina hasira kwa hiyo mtanivumilia. Nipo Texas miaka sasa, boksi tunabeba kama kawaida, sio mtu wa kufungua nyuzi za kulialia humu ila hili limenikaa kooni.

Dogo, mtoto wa mama mdogo, alisimamishwa na polisi usiku akitoka shifti, taa ya nyuma ya gari haiwaki. Wakaingiza leseni kwenye mashine wakakuta ana waranti (hati ya kukamatwa) ya tiketi ya zamani, yaani faini ya barabarani, eti hana bima ya gari, basi hapo hapo pingu, gari likavutwa na winchi, kijana kapotea. Shemeji ananipigia saa tisa usiku analia, alichonacho ni meseji moja tu ya mume wake "wamenisimamisha", baada ya hapo simu haipatikani.

Sasa we ingia Google usiku huo utafute mtu aliyekamatwa kwenye kaunti yako uone vituko. Juu kabisa hukutani na ofisi ya sherifu (mkuu wa polisi wa kaunti, kwa kawaida ndo mwenye jela), unakutana na matangazo. Tovuti zina nyota ya dhahabu na tai na bendera, ukiangalia haraka unajua hii ni serikali. Unaandika jina, kuna kamstari kanajaza polepole "tunapekua rekodi za mahakama... tunapekua rekodi za jela...", mara maandishi mekundu, eti rekodi za jinai huenda zimepatikana, jiandae utakachokiona kinaweza kukushtua. Mke wa mtu saa tisa usiku anasoma hayo! Halafu ndo wanaomba kadi, dola moja tu ya kujaribu. Shemeji alishalipa hata kabla hajanipigia mimi. Alichopewa ni anwani za zamani walizowahi kukaa, namba ya simu ambayo dogo aliiacha kitambo, na majina ya watu waliopanga apatimenti ile ile. Kuhusu jela hakuna hata neno. Na ile dola moja ukisoma chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi ni usajili wa kila mwezi, na sentensi ya mwisho inasema wao sio taasisi ya serikali. Wapigaji wakubwa, na wanapiga watu katika saa mbaya kuliko zote.

Orodha ya kweli ni ya bure. BURE. Ipo kwa sherifu wa kaunti, unaandika jina unapata namba ya bukingi (ya kusajiliwa pale jela), mashtaka, kiasi cha dhamana, saa nyingine na tarehe ya mahakama na picha. Ila uifikie sasa. Nchi hii ina kaunti zaidi ya 3,000, Texas peke yake zipo 254, na kila moja inajiendeshea mambo kivyake. Hii inaweka kila kitu mtandaoni, ile inaweka majina bila picha, nyingine wanatoa pdf asubuhi mara moja basi, nyingine hawana kitu, upige simu usubiri na ule mziki wao. Ukienda Kentucky jela ya kaunti wala sio ya sherifu, wana mkuu wa jela wao wanayempigia kura. Ukienda Connecticut, Vermont, Delaware au Rhode Island jela za kaunti hazipo kabisa, jimbo ndo linashika zote. Halafu kuna mtu humu atakwambia "si ugoogle tu mkuu". Ugoogle nini?

Na hata baada ya kuipata tovuti yenyewe ya sherifu, dogo hayumo. Naandika jina, hakuna matokeo. Nageuza jina, hakuna. Shemeji anaanza kuuliza kama wamemuua. Kumbe waliomkamata ni polisi wa jiji, na polisi wa jiji wana mahabusu yao ndogo ambayo haimo kwenye orodha ya kaunti, anakaa pale mpaka kaunti yenye waranti ije kumchukua, na akishachukuliwa kuna masaa ya bukingi, alama za vidole, picha, nesi, ndo jina lake liingie kwenye mfumo. Hakuna mahali popote kwenye ile tovuti palipoandikwa hivyo. Sentensi moja tu ingetosha, "kama kakamatwa na jiji piga namba hii". Hawana huo muda.

Halafu majina yetu sasa. Sisi mtu anaitwa jina lake, la baba, la babu. Mashine yao inataka la kwanza na la mwisho, la katikati kila karani anaamua mwenyewe aliweke wapi. Na Selemani anaweza kuwa Suleiman, Sulemani, Seleman, kutegemea aliyeandika pasipoti miaka hiyo alikuwa na mudi gani. Asubuhi nilikuja kumpata dogo kwa kuandika herufi tatu za mwanzo za jina la babu na kushuka na orodha nzima mmoja mmoja. Jina la baba limeliwa. Kwa ndugu zetu Wakongo na Warundi waliokuja kwa njia ya ukimbizi ndo balaa zaidi, unakuta wengi walipewa tarehe ya kuzaliwa Januari 1, mwenye jina linalofanana na lako naye ni Januari 1, sasa hapo unamtofautisha nani na nani? Kwa hiyo kitu cha kushika ni namba ya bukingi, ukishaipata iandike mahali, kila simu utakayopiga wataiulizia hiyo.

Niliambiwa na mdau mmoja kuhusu VINE, huduma ya kukupa taarifa za mtu aliye jela, nakiri hiyo ilisaidia kidogo. Ilianzia Louisville, Kentucky, baada ya binti mmoja kuuawa mwaka 1993 na mwanaume aliyekuwa ametoka jela bila binti kuambiwa, siku hizi majimbo mengi yamo, unajiandikisha bure na unapata ujumbe mtu akihamishwa au akitoka. Lakini sio kila jela imo na sio kila saa inaendana na ukweli.

Kingine, na hapa nasema kwa wote ambao karatasi zao hazijakaa sawa. Mtu akipotea kwenye orodha ya kaunti usishangilie kwamba katoka. Uhamiaji wanaweza kuwa wameomba ashikiliwe na wakaja kumbeba. Hapo unahamia mfumo mwingine kabisa wa ICE, ndo hao uhamiaji, una sehemu yake ya kutafuta, unaweka ile namba A (namba yako ya faili la uhamiaji) ya tarakimu tisa na nchi aliyozaliwa. Namba A ya mumeo unaijua? Mkeo anaijua yako? Watu wengi wameiweka kwenye bahasha ndani ya sanduku na ufunguo hawajui uko wapi.

Haya. Sasa kinachonichemsha damu.

Usiku kucha tunatafuta mtu hatumpati, saa nne asubuhi picha yake iko kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya. Grupu lile lile la michango ya misiba! Mtu kaichota kwenye ukurasa mmoja wa Facebook unaojiita habari za jela za eneo letu, kazi yao kila asubuhi kubandika sura za watu waliolala ndani, na chini wanakoment nani ana macho ya mlevi. Dogo kavaa yunifomu ya kazini, macho mekundu kwa kukosa usingizi, nyuma ukuta wa kijivu. Huyu anaweka emoji za kucheka, yule "jamani kafanya nini tena", mwingine ambaye kila Jumapili anatuwekea mistari ya Biblia akaandika "ndo maana hawa vijana hatuwapi dada zetu". Mpaka saa sita mchana mama mdogo kule Tanga alishapigiwa simu na watu watatu kumuuliza mwanae kaua nani. Presha ikapanda.

Kaua nani? Tiketi ya bima! Na bima alikuwa nayo siku ile, karatasi ilikuwepo, ikapelekwa mahakamani, kesi ikafutwa yote. Nyie mlioposti picha mliposti na kufutwa kwa kesi? Kimya.

Na kesi kufutwa haifuti picha, hilo wengi hamlijui. Kuna roboti zinazunguka kwenye tovuti za masherifu zinakomba kila sura, zinapeleka kwenye tovuti za watu binafsi, ukiandika jina la mtu kwenye Google inatokea ile sura kabla ya kitu kingine. Mwajiri anaiona, mwenye nyumba anaiona. Zamani walikuwa wanakuomba waziwazi mamia ya dola ili waitoe. Mwaka 2013 majimbo kama Texas na Georgia yakatunga sheria za kuwabana, Google nao mwaka huo huo wakazishusha tovuti hizo kwenye matokeo. Mwaka 2018 Mwanasheria Mkuu wa California akawafungulia mashtaka wanaume wanne aliosema ndo wenye Mugshots.com, mojawapo ya tovuti hizo za picha, kwa tuhuma za kuwakamua watu hela, zilitajwa dola zaidi ya milioni 2.4 kutoka kwa watu zaidi ya 5,700 ndani ya miaka mitatu. Halafu mnaniambia hii ni haki ya umma kujua? Hii ni biashara.

Na wanaoanzisha ni serikali yenyewe. Bucks County kule Pennsylvania iliweka mtandaoni rekodi za kukamatwa za watu karibu 67,000, ikiwemo za watu ambao mahakama ilishaamuru zifutwe, mwaka 2019 baraza la wazee wa mahakama likaamua kila mmoja alipwe dola 1,000. Kwa hiyo sio kwamba haiwezekani kuwabana. Polisi wa San Francisco mwaka 2020 walisema hawatoi tena picha za waliokamatwa ila kukiwa na sababu ya usalama, na jiji halijaanguka. Wafungwa wa shirikisho vilevile, utapata jina na gereza alilopo, picha huwekewi.

Najua kuna atakayekuja na hoja kwamba orodha lazima iwe wazi, na hapo tupo pamoja kabisa. Sisi tumetoka sehemu ambazo mtu anawekwa ndani ndugu wanazunguka kituo hadi kituo na kila afande anasema hayupo hapa. Orodha ya majina iwepo, tena iwe rahisi, iwe saa hiyo hiyo, iwe na namba ya simu inayopokelewa. Ila sura ya mtu ambaye hata hakimu hajamuona inamsaidia nani? Shemeji hakuhitaji picha, anaijua sura ya mumewe. Alihitaji kujua yuko jengo gani.

Admin wa grupu nilimuandikia aifute ile picha, akanijibu "mkuu mbona iko public". Nimetoka kwenye grupu, mchango wa msiba wa mwezi huu msinihesabu.

Sasa naomba msaada kwa wenye uzoefu. Aliyewahi kupeleka ombi la kufutiwa rekodi hapa Texas baada ya kesi kutupwa aniambie alitumia wakili au alijaza mwenyewe, alilipa kiasi gani, na zile tovuti za kukomba picha alizipelekea amri ya mahakama kwa njia gani wakaheshimu. Njoo PM kama hutaki kusema hapa. Na wa kuniuliza dogo anaitwa nani na ni kaunti ipi, pita tu.