Mrejesho: Mtoto wa mbwa ameshafika

Hamjambo wote. Niliuliza nijitayarishe vipi kulea mtoto wa mbwa kwa mara ya kwanza, nikiwa nimepanga ghorofani Kasarani. Ameshafika, anaitwa Simba (najua, nusu ya mbwa wa Nairobi ni Simba).

Mliosema nianze na daktari wa mifugo kabla ya bakuli na kamba, asanteni. Amechanjwa parvo na distempa (magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa), na atarudia kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa ni akitimiza miezi 3. Kwa sasa hakanyagi barabarani, maana virusi vya parvo hukaa udongoni miezi na miezi. Nambeba tu, azoee matatu na honi za bodaboda.

Kazi iko kwenye haja. Akiamka, akimaliza kula au kucheza, mbio namweka kwenye karai la mchanga pale roshani. Akikojoa, papo hapo kipande cha maini. Ukichelewa, anadhani anatuzwa kwa kurudi ndani. Ule ushauri wa kumsugua pua kwenye mkojo nimeukataa kabisa. Atajifunza kuniogopa na kukojoa nyuma ya kochi.

Aking'ata vidole, mchezo unaishia hapo, nampa kitambaa kilichogandishwa atafune.

Usiku bado analia, kwa hiyo kasha lake la kulalia liko kando ya kitanda changu. Aliyewahi kulisogeza hadi sebuleni bila majirani kugonga mlango, anielekeze.