Tupeane uzoefu: kumfundisha mwanafunzi mwenye changamoto za ukuaji kupanda gari na kupanga foleni peke yake

Mwalimu_Eastlands: Jana jioni pale Muthurwa, steji ya magari hapa Nairobi, nimemwona kijana amesimama mlangoni pa gari, noti ya 50 imelowa jasho kiganjani, anamwuliza makanga, "Hii inafika kwetu?" Makanga akacheka, akamwambia panda. Sijalala vizuri. Nafundisha kitengo maalum mwaka wa 11 sasa. Wanafunzi wetu wanasonga mbele kwa hatua: msingi, kati, kabla ya ufundi, kisha ufundi. Stadi za maisha ya kila siku zimo kwenye mtaala, lakini Muthurwa ya saa kumi na mbili jioni haifundishiki ubaoni. Wazazi na walimu wenzangu, nyinyi mmefanyaje? Tupeane uzoefu.

Shosho_Dandora: Niko hapa nasoma. Mjukuu wangu ana usonji, ana miaka 17.

Mama_Pekee: Mwalimu, umenigusa penyewe. Wacha niseme.

Wangu ana ulemavu wa akili. Tulifanya mazoezi miezi mitano, mimi na yeye, njia ya Jogoo Road. Kwanza nakaa naye. Kisha nakaa kiti cha nyuma. Kisha napanda gari linalofuata. Nilimfundisha sheria tatu: usishuke mpaka uone ukuta wa kijani wenye picha ya ng'ombe, usimpe mtu usiyemjua simu wala usiitoe kwenye umati, usimfuate mtu yeyote. Alizishika kuliko mimi ninavyoshika sala.

Siku ya kwanza peke yake, Jogoo Road ikajaa. Dereva akakata kulia Likoni Road, akapitia Lunga Lunga, akatokea Outer Ring. Ukuta wa kijani haukuja. Mtoto akakaa. Gari likafika mwisho, Kayole, watu wote wakashuka, yeye amekaa. Makanga akamwambia shuka, akajibu, "Ng'ombe bado." Wakadhani amelewa. Wakamtoa kwa kumvuta shati.

Akasimama pale pale aliposhushwa. Mama mmoja anayechoma mahindi alimwona saa kumi, akamwona tena saa kumi na moja, hajasogea hata hatua. Akamwomba simu ampigie mzazi. Akakataa. Sheria ya pili. Akamwambia njoo ukae hapa kwa kivuli. Akakataa. Sheria ya tatu. Huyo mama akahamisha jiko lake, jamani, akabeba jiko lenye makaa mpaka pale mtoto amesimama, akachomea hapo. Mimi napiga simu, haipokelewi, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha asitoe simu kwenye umati. Saa mbili kasoro usiku ndipo yule mama alipoisikia inaita mfukoni, akamwambia, "Hiyo ni ya kwako, pokea wewe mwenyewe, mimi siigusi."

Nilimkuta ameshika hindi, hajaliuma, anasubiri ruhusa yangu.

Hakukosea chochote. Alifanya kila nilichomfundisha. Mimi sikumfundisha siku ambayo ukuta hauji.

Shosho_Dandora: Huyo mama wa mahindi Mungu amjalie. Nimelia.

Baba_Kilimani: Poleni, lakini kwa nini kumtesa mtoto hivi? Kuna teksi za simu. Wagonjwa wa akili hawawezi Nairobi hii, hata sisi wazima inatushinda.

Mama_Pekee: Baba, teksi kwenda na kurudi kila siku ni mshahara wangu wote. Na mimi nina miaka 58. Siku nikiondoka, hiyo teksi ataiita nani?

Wakili_Mdogo: @Baba_Kilimani, chunga pia unavyowaita. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa kwa heshima, na pia haki ya kufikia usafiri wa umma. Zote ziko ibara moja.

Baba_Kilimani: Nimekosea neno, naomba radhi. Hoja yangu ya usalama inabaki. Wangu ana miaka 9 na siwezi.

Mwalimu_Eastlands: Wa miaka 9 hakuna aliyesema apande peke yake, baba. Muanzishe dukani. Alipe maziwa, angoje chenji.

Kondakta_58: Mimi niko kwa gari. Msimwambie makanga mmoja halafu mkategemea yeye, tunabadilishana magari hata mara tatu kwa siku. Waambieni wa steji: mpiga debe, mwenye kibanda cha pipi, anayeng'arisha viatu. Hao wako hapo miaka yote. Na akipanda akae kiti cha nyuma ya dereva, si kule mwisho.

Mama_Pacha: Sisi tulimvalisha kadi shingoni yenye jina na namba ya simu. Imetusaidia.

Wanjiru_wa_Zimma: Kadi shingoni ni kutangazia wezi. Wekeni ndani ya shati.

Mama_Pacha: Ndani ya shati nani ataiona?

Fundi_Simu: Mumfundishe kusema, "Niko mafunzoni." Watu wa Nairobi wakisikia mtu anajifunza wanasaidia.

Mwalimu_Eastlands: Na nauli? Mvua ikinyesha 50 inakuwa 100 na kijana wangu anaganda mlangoni, watu wanamsukuma. Sasa darasani tuna bahasha mbili, moja nimechora jua, moja mvua. Asubuhi tunatoka nje wote tunaangalia mawingu.

Shosho_Dandora: Bahasha ya mvua! Leo leo nashona mifuko miwili.

Dada_Mlezi: Si gari tu. Kaka yangu alitimiza 18, tukaenda ofisi moja ya serikali kufuatilia kitambulisho. Alikuwa amejifunza: chukua tiketi, soma namba, tazama skrini, namba ikiwaka nenda dirishani. Mimi nimekaa nje kwa makusudi. Saa tano mfumo ukaenda chini, wakaanza kuita watu kwa mdomo. Skrini imeganda namba ya mtu wa tatu kabla yake. Alikaa akiitazama mpaka walinzi wanafunga. Tiketi ameikunja mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama kidonge.

Mama_Pekee: Ukuta wa kijani huo huo.

Dada_Mlezi: Kabisa. Sasa tunafanya mazoezi ya kuharibika. Jumamosi nageuza sebule kuwa ofisi, namwita namba, halafu katikati nasema "mfumo uko chini." Kazi yake ni moja: ainuke, amwendee mwenye sare, amwoneshe tiketi. Mwanzo alilia. Mara ya sita akaniambia, "Mfumo ukirudi utaniita?" Tulipiga vigelegele nyumba nzima.

Baba_Kilimani: Leo nimempeleka wangu dukani. Amelipa, akaondoka bila chenji. Muuza duka akamrudisha. Kesho tena.

Mama_Pekee: Wangu anarudi barabarani Jumatatu. Tumeongeza sheria ya nne: gari likisimama na watu wote wakashuka, shuka, kisha *wewe* nipigie. Tumeifanya mara nane Kayole pale pale, mbele ya jiko la mahindi. @Kondakta_58, Jumatatu Jogoo Road itakuwaje saa kumi?

Kondakta_58: Itajaa, mama. Shule zinafungua. Nitakuwa Muthurwa kuanzia saa tisa. Amevaa rangi gani?

Mama_Pekee: Sweta ya maruni. Usimshike mkono. Mwambie tu gari ni gani.