Mrejesho: kompyuta ya gemu na kuandika programu imekamilika

Wakuu, niliwauliza kwa bajeti yangu ndogo nichukue prosesa ya Ryzen 5 5600G peke yake, maana ina picha ndani yake, au 5600 isiyo na picha pamoja na kadi ya picha. Wengi mlisema kadi, nami nimefuata: Ryzen 5 5600, mazabodi ya B550, SSD ya TB 1, na kadi ya RX 6600 ya mtumba iliyokuja kwa boti kutoka Dar.

Aliyeitetea 5600G hoja anayo, lakini kache yake ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ni MB 16, ya 5600 ni 32. Kwenye gemu unaliona hilo.

Ramu ndiyo sikuwasikiliza mliposema GB 16 zinatosha. Ukiwasha programu zangu za kazi, Docker na Android Studio, na kivinjari pamoja, GB 16 zinalia. Nimeweka vijiti viwili vya GB 16. Mwanzo vilisoma kasi ya 2133; nikaingia BIOS (mipangilio ya mazabodi), nikawasha XMP inayoipa ramu kasi yake kamili, vikapanda 3200.

UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) nilinunua kabla ya skrini. Umeme wetu wa Unguja mnaujua!

Kasha la kompyuta bado lile kuukuu la ofisini, joto linajaa ndani. Feni za milimita 120 hapa Darajani nitazipata kwa nani?